Saa Tatu Baina ya Treni Mbili

Mama mmoja wa jamaa ya msikiti wetu hapa Manyoni alipata habari kwamba dada yake, aliyeolewa Kasama nchini Zambia, yu mgonjwa sana. Waumini walichanga nauli, nasi wa kamati tukampangia safari: basi hadi Dodoma, treni ya SGR hadi Dar es Salaam, kisha treni ya TAZARA iliyotarajiwa kuondoka saa tatu baadaye. Katika karatasi mambo yalitimia. Njiani basi liliharibika, akapanda SGR ya baadaye, na alipofika TAZARA treni ilikwisha kuondoka. Ya kufuata ilikuwa baada ya siku kadhaa. Alipofika Kasama alikuta dada yake amekwisha kuzikwa.

Twaandika haya kwa idhini yake, na lawama ni yetu. Tulihesabu muda wa ratiba. Hatukuhesabu muda wa kuchelewa.

Kwanza, wasafiri wafahamu kuwa reli hizi hazishirikiani njia. Reli ya zamani ipitayo Manyoni na Itigi ina upana wa milimita 1,000. SGR ina 1,435. Na TAZARA, iendayo New Kapiri Mposhi mwendo wa kilomita 1,860, ina 1,067. Behewa la reli moja haliwezi kupita juu ya nyingine. Abiria hana budi kushuka na watoto na mizigo, kisha avuke mji. SGR huishia katikati ya Dar es Salaam. Stesheni ya TAZARA iko Barabara ya Nyerere, na foleni ya magari haina ratiba.

Pili, tiketi mbili ni mikataba miwili. Katika Umoja wa Ulaya, mwenye tiketi moja ya safari nzima akikosa treni ya pili kwa sababu ya kuchelewa kwa ya kwanza, akawa atafika saa moja au zaidi baada ya wakati, hupewa hiari ya kurudishiwa fedha au kuendelezwa na safari. Mwenye tiketi mbili mbalimbali ajue kuwa treni ya pili haikumwahidi kumngoja.

Kwa hiyo tumejiwekea kanuni. Treni ifuatayo ikiwa haiondoki kila siku, msafiri wetu hulala usiku mmoja mjini kabla yake, na malazi huhesabiwa ndani ya nauli. Tena hupiga simu stesheni kabla ya kutoka nyumbani, maana ratiba hubadilika na safari huweza kusitishwa.

Iko pia njia tuliyoisahau. Kutoka Itigi barabara hupita Rungwa, Makongolosi na Chunya hadi Mbeya, ambako TAZARA hupita kabla ya kuvuka mpaka Tunduma. Ni njia ngumu wakati wa mvua, lakini aliyetangulia Mbeya ndiye huingoja treni. Ikichelewa, humkuta amekaa stesheni.

Wala haraka isimfanye mtu aache Sala. Msafiri ana ruhusa ya kupunguza Sala za rakaa nne, na kukusanya Adhuhuri na Alasiri, Magharibi na Isha. Wakati ukiwa umeingia, aswali kabla ya kuvuka mji.

Mama yule hakutulaumu. Alisema tu kwamba lau angalitoka siku moja kabla, huenda angalimkuta dada yake hai. Tangu hapo, tupangapo safari ya mtu, siku hiyo moja ndiyo tunayoiandika kwanza.