Jasho Likigoma Kukauka

Katikati ya Juni 2015 upepo wa baharini ulikatika Karachi. Jiji hilo la Pakistan liko ufukweni mwa Bahari ya Arabia, na wakazi wake, majirani zetu wa bahari tangu enzi za majahazi, wamezoea kupozwa na upepo wa mchana. Safari hiyo mgandamizo mdogo wa hewa baharini uliuzuia upepo usifike nchi kavu, na tarehe 20 joto likapanda hadi karibu nyuzi 45. Ramadhani ilikuwa ndiyo kwanza imeanza. Umeme ulikuwa unakatika kwa saa nyingi, na maji ya bomba yalikuwa ya shida. Mpaka hali ilipotulia, zaidi ya watu 1,200 walikuwa wamekufa, wengi wao wazee, vibarua na watu wa kipato kidogo. Vyumba vya maiti vilifurika.

Msomaji wa Tanga au Mombasa anaweza kusema hayo ni ya Pakistan, kwetu joto halifiki huko. Kweli, halifiki. Mwezi wa Februari Dar es Salaam huwa na nyuzi 32 au 33 mchana, na usiku hushuka hadi 25 hivi. Lakini nambari inayosomwa redioni ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni unyevu ulio hewani, na huo ndio unaoamua kama mwili utapoa au hautapoa.

Mwili wa binadamu unatakiwa kubaki karibu nyuzi 37. Ukikaa tu kivulini unazalisha joto la kama wati 100. Kuli anayesukuma mkokoteni huzalisha mara kadhaa ya hapo, na joto hilo lote lazima litoke. Hewa ikiwa na ubaridi, hutoka lenyewe kupitia ngozi. Hewa ikikaribia joto la ngozi, ambalo ni kama nyuzi 35, njia kubwa inayobaki ni jasho, nalo hupoza kama mtungi wa udongo unavyopoza maji. Maji yanayopenya kuta za mtungi hugeuka mvuke, na kila tone linalogeuka mvuke huondoka na joto. Lita moja ya jasho ikikauka yote juu ya ngozi huondoa kama kilokalori 580. Ikidondoka chini kabla ya kukauka, mwili umepoteza maji na chumvi bure.

Mtazame mama lishe saa saba mchana, katikati ya majiko mawili ya mkaa chini ya bati. Jasho linamtiririka kutoka kwenye paji la uso hadi kidevuni, blauzi imegandana na mgongo, na kila akijifuta kwa ncha ya khanga linarudi papo hapo. Wapitao husema afadhali anatoka jasho. Mimi naona hatari hapo. Jasho linalotiririka namna hiyo linaonyesha kwamba hewa ina unyevu mwingi na haiwahi kulikausha.

Wanasayansi hupima jambo hili kwa njia rahisi. Huvika ncha ya kipimajoto kitambaa kilicholowa maji, kisha wakakipepea. Kitambaa kikikauka upesi, kipimajoto hushuka sana. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, hushuka kidogo tu. Penye joto la nyuzi 40 na unyevu wa asilimia 20, kama katika nchi kame, kipimajoto hicho husoma kama 23. Penye nyuzi 33 na unyevu wa asilimia 75, fukuto la pwani siku za unyevu mkubwa, husoma karibu 29. Kwa mwili unaotegemea jasho, nyuzi 33 za pwani ni nzito kuliko nyuzi 40 za jangwani.

Mwaka 2010 watafiti Steven Sherwood na Matthew Huber walieleza kwamba kipimajoto cha kitambaa kikifika nyuzi 35 na kubaki hapo kwa saa kadhaa, hata mtu mwenye afya kamili aliyekaa kivulini hawezi kuishi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kiwango hicho kimeshavukwa kwa muda mfupi Jacobabad, Pakistan, na Ras al Khaimah kwenye Ghuba. Kisha mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania walichapisha matokeo ya kuwaweka vijana wenye afya ndani ya chumba cha joto na unyevu, wakifanya kazi nyepesi. Miili ya vijana hao ilianza kushindwa kujipoza karibu na nyuzi 31 za kipimajoto hicho cha kitambaa. Mzee, mtoto mchanga au mgonjwa wa moyo huzidiwa mapema zaidi. Pengo kati ya 29 ya fukuto la pwani na 31 hiyo ni dogo mno kwa miji inayozidi kupata joto.

Anayezidiwa na joto mara nyingi huangushwa na moyo. Mwili hupeleka damu nyingi kwenye ngozi ili ipoe, na moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu huku maji mwilini yakipungua. Figo hukosa damu ya kutosha. Ndiyo maana vifo vingi vya joto huandikwa kuwa ni presha au moyo, na takwimu zetu haziyaoni maafa haya. Usiku nao ukiwa wa moto, ndani ya chumba kimoja chenye dirisha dogo, moyo haupati nafasi ya kupumzika. Siku ya kwanza mtu huvumilia. Wiki nzima ya namna hiyo ndiyo huvunja watu.

Miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi, kaskazi inapokaribia kwisha, jua liko utosini na upepo umelegea. Kule Karachi viongozi wa dini waliwakumbusha waumini kwamba anayehofia maisha yake ana ruhusa ya kufungua. Maneno hayo yafaa yasemwe misikitini kwetu kabla ya mtu kuanguka, hasa kwa wajawazito, wenye kisukari na wanaotumia dawa za presha zinazoongeza mkojo.

Vifo hivi vinazuilika. Ahmedabad, India, ilipoteza watu zaidi ya 1,300 juu ya idadi ya kawaida katika joto la Mei 2010. Mwaka 2013 ikaanzisha mpango wa tahadhari, wauguzi wakafundishwa, na baadaye mapaa ya nyumba za maskini yakapakwa rangi nyeupe. Sisi tuna chokaa tangu zamani. Bati lililopakwa nyeupe hurudisha jua juu badala ya kulishusha vichwani. Oman na Falme za Kiarabu hukataza kazi za juani mchana katika miezi ya joto. Sioni kwa nini mkandarasi wa Dar es Salaam au Mombasa asianze zege saa kumi na mbili asubuhi na kuwapumzisha vijana wake saa sita hadi saa tisa. Na feni, maadamu hewa haijapita nyuzi 35, inasaidia, hasa ngozi ikiwa imelowa.

Dalili za kuogopa ni kuchanganyikiwa, kuongea ovyo, kuyumba, degedege au kuzimia huku mwili ukiwa wa moto. Wengi huku hudhani ni malaria wakatafuta panadol, ambayo haishushi joto la aina hii. Kipimo cha malaria kitafanyika hospitalini, kwanza mpoze. Mpeleke kivulini, mpunguze nguo, mmwagie maji mwili mzima, mpepee bila kuacha, na barafu ikipatikana iweke shingoni, kwapani na kwenye kinena. Asiyejitambua asipewe kitu cha kunywa. Endelea kumpoza wakati gari linatafutwa, na mkiwa ndani ya gari pia. Na fukuto likidumu, mgongee mlango jirani yako mzee anayeishi peke yake, asubuhi na tena jioni.