Anayesinzia Ibadani Huenda ni Mgonjwa



Kila mchungaji anamjua mtu huyu. Anaketi karibu na ukuta, na kabla mahubiri hayajafika katikati, kichwa kimekwisha kuanguka kifuani. Vijana wanagusana kwa viwiko na kucheka. Miaka kadhaa iliyopita mimi mwenyewe nilimkemea mzee mmoja wa kanisa letu mbele ya watu wote. Nilisema kwamba adui ndiye anayemfunga macho asisikie Neno.

Baada ya ibada mke wake alinifuata, akaniambia kwa upole: « Mchungaji, huyu baba hapumziki usiku. Anakoroma sana, kisha pumzi inakatika kabisa. Mimi ninangoja, ninahesabu, halafu ninamtikisa nikifikiri amekufa. »

Nilifanya nini? Niliomba pamoja naye, nikamwambia tufunge siku tatu dhidi ya roho inayomkaba mume wake. Maombi si kosa. Kosa langu ni kwamba niliishia hapo. Mzee huyo alikuwa dereva wa gari la mizigo. Haikupita miezi miwili, gari lake likaingia mtaroni mchana kweupe, mahali ambapo barabara imenyooka. Alikuwa amesinzia kwenye usukani. Kwa neema ya Mungu hakuna aliyekufa. Ndipo tukampeleka hospitalini, na daktari akatueleza jambo ambalo ningepaswa kulijua mapema.

Ugonjwa wenyewe ni nini?

Ni kukatika kwa pumzi usingizini. Madaktari huuita apinea ya usingizi. Tunapolala, misuli ya mwili hulegea, hata ile ya koo. Kwa watu wengine inalegea kupita kiasi: ulimi na nyama laini za nyuma ya kinywa zinaziba njia ya hewa. Kifua kinajitahidi kuvuta, lakini hewa haipiti, na oksijeni inapungua katika damu. Ubongo unashtuka, koo linafunguka, na mtu anavuta pumzi kwa kishindo kama aliyetoka chini ya maji. Kisha analala tena na mambo yanarudia. Asubuhi hakumbuki lolote.

Madaktari huhesabu kila mara pumzi inapokatika au kupungua sana kwa sekunde 10 au zaidi. Mara 5 kwa saa ni mwanzo wa ugonjwa. Mara 30 au zaidi ni ugonjwa mkali. Mtu wa mara 30 akilala saa 7, amekabwa mara 210 kabla ya kupambazuka. Je, tunashangaa akisinzia ibadani? Na wenye hali hii si wachache: mwaka 2019 watafiti walikadiria kuwa watu wazima karibu milioni 936 duniani wanayo. Wengi hawajui.

Hatari ya kuuacha bila matibabu

Kila pumzi inapokatika, mwili unadhani unakufa. Moyo unakwenda mbio na mishipa inajibana. Usiku baada ya usiku, presha ya damu inapanda, na wakati mwingine haishuki hata mgonjwa akimeza dawa zake vizuri. Ndivyo ilivyokuwa kwa mzee wetu. Watu wenye ugonjwa huu hupatwa zaidi na kiharusi, moyo kupiga bila mpangilio, moyo kushindwa kazi, na ugonjwa wa sukari. Kumbukumbu inapungua, hasira inakuwa karibu, huzuni inaingia nyumbani. Tena kuna ajali: dereva mwenye usingizi anabeba roho za wengine.

Huko Marekani alikuwako Reggie White, mchezaji mashuhuri wa futiboli ya nchi hiyo na mhubiri wa Kibaptisti. Alikuwa jitu la nguvu. Alifariki tarehe 26 Desemba 2004, akiwa na miaka 43 tu. Wachunguzi walisema kwamba ugonjwa mwingine ulioshika mapafu na moyo wake ndio uliomwua, yaelekea, na kwamba apinea ya usingizi huenda ilichangia. Nami niko katika miaka hiyo ya arobaini. Habari yake ilinifanya nimuulize mke wangu jinsi ninavyolala.

Dalili na la kufanya

Shahidi wa kwanza ni yule anayelala karibu nawe. Akisema unakoroma kwa nguvu, unanyamaza, kisha unashtuka kama mtu anayekabwa, usimkasirikie. Dalili nyingine ni kichwa kuuma asubuhi, kinywa kukauka, kuamka mara nyingi kukojoa, na kusinzia mchana hata ulipolala saa za kutosha. Unene na shingo nene huongeza hatari, lakini hata mwembamba anaweza kuupata. Mwanamke aliyekoma hedhi naye asijione yuko salama. Mtoto anayekoroma kila usiku achunguzwe mafindofindo yake, kabla hatujamwita mtukutu au mjinga shuleni.

Nenda kituo cha afya, upimwe presha na sukari, na ueleze usiku wako. Simu inaweza kurekodi mkoromo ili daktari asikie. Iko mashine inayosukuma hewa kwa kifuniko cha puani na kuliacha koo wazi. Ilianza kutumiwa Australia, na habari zake zilitangazwa mwaka 1981. Kwetu ni adimu, na umeme nao hukatika. Lakini yapo yasiyohitaji umeme: kupunguza uzito, kulala ubavu badala ya chali, kuacha pombe na sigara, kutomeza vidonge vya usingizi bila ruhusa ya daktari. Ukienda kupasuliwa, mwambie mapema anayetoa dawa ya kulaza wagonjwa. Na ukisikia usingizi barabarani, simamisha gari.

Wapendwa, katika Matendo ya Mitume sura ya 20, kijana Eutiko alisinzia Paulo akihubiri, akaanguka kutoka ghorofa ya tatu. Mtume hakumkemea. Alishuka, akamkumbatia. Nimelisoma andiko hilo tangu chuo cha teolojia, lakini sikuliona hivyo mpaka gari la mzee wetu lilipoingia mtaroni. Leo amepungua uzito, presha yake imeshuka, na ameacha kuendesha usiku. Nilimwomba msamaha mbele ya watu walewale waliosikia nikimkemea.

Jumapili hii ukimwona ndugu anasinzia, usicheke. Baada ya ibada mkaribie, umuulize: « Usiku unalalaje? »