Mgonjwa Akidhurika Hospitalini, Tufanye Nini?

Leo tunataka tuongee juu ya jambo ambalo huzungumzwa kwa sauti ya chini tu. Mtu ameenda kutibiwa, akarudi akiwa na hali mbaya zaidi, au hakurudi kabisa. Je, ni bahati mbaya, au kuna aliyekosea?

Mara nyingi sisi hufanya nini? Tunachanga pesa za bili na za mochari, tunazika, tunanyamaza. Wengine huanza kunong'onezana juu ya jirani. Hapo ndipo hatari inaingia. Tunakumbuka Oktoba 2021 kule Marani, Kisii, ambako akina mama wazee wanne waliuawa na umati kwa kushukiwa uchawi. Ugonjwa usioelezwa hutafuta mtu wa kulaumiwa. Ni afadhali swali lipelekwe mahali linapoweza kujibiwa.

UZEMBE NI NINI?

Si kila tiba iliyoshindwa ni uzembe. Daktari hawezi kuahidi kwamba kila mgonjwa atapona. Tuchukue mfano. Mama amepasuliwa ili ajifungue. Kidonda kimeoshwa vizuri, dawa amepewa, lakini bado kimeingia usaha. Hiyo inaweza kutokea hata pale ambapo kila mtu amefanya kazi yake. Lakini kama kitambaa kimesahauliwa ndani ya tumbo, au mama amelalamika maumivu siku nzima na hakuna aliyekuja kumwangalia, hilo ni jambo lingine.

Mahakama huuliza mambo matatu:

1. Je, mhudumu alikuwa na wajibu wa kumtunza mgonjwa huyu?
2. Je, alifanya chini ya kiwango ambacho mhudumu mwenzake wa kazi hiyo hiyo angetarajiwa kufanya?
3. Je, ni kosa hilo lililoleta madhara, au ni ugonjwa wenyewe?

Swali la tatu ndilo gumu. Kwa kawaida huhitaji daktari mwingine asome karatasi na kutoa maoni yake. Bila karatasi, hata yeye hana la kusema.

HAKI ZETU

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya huduma bora za afya, na hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 inaongeza kwamba mgonjwa aelezwe hali yake na matibabu anayopewa kwa lugha anayoelewa. Kama nyanya anaelewa Ekegusii peke yake, basi aelezwe kwa Ekegusii. Sheria hiyo pia inampa mgonjwa haki ya kulalamika na malalamiko yake yachunguzwe. Utaratibu wa kulalamika unatakiwa kubandikwa mahali ambapo kila anayeingia anauona. Mkienda hospitali, utafuteni ukutani.

Haki hizi si maneno ya vitabuni tu. Agosti 2013 mama mmoja alienda kujifungua katika hospitali ya wilaya ya Bungoma. Alijifungulia sakafuni, na wauguzi wakamtukana na kumpiga. Alienda mahakamani. Machi 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma ilisema haki zake zilivunjwa, ikaagiza aombwe radhi na alipwe shilingi milioni 2.5. Tena mwaka wa 2015, Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kwamba ilikuwa kinyume cha sheria kuwazuia akina mama wawili katika hospitali ya Pumwani kwa sababu walishindwa kulipa bili. Hawa walikuwa watu wa kawaida kama sisi.

MILANGO MITATU YA KUBISHA

Mlango wa kwanza ni hospitali yenyewe. Mwandikie barua daktari msimamizi. Eleza tarehe, wodi, kilichotokea na unachouliza. Baki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Omba pia nakala ya rekodi za mgonjwa. Kama ni hospitali ya serikali, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inataka ombi la habari lijibiwe ndani ya siku 21. Wakikaa kimya, unaweza kulalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala. Mara nyingine jibu zuri na pole ya kweli humaliza jambo hapa.

Mlango wa pili ni baraza la wahudumu. Sisi kijijini humwita kila mwenye koti jeupe "daktari", lakini kila kazi ina baraza lake. Daktari na daktari wa meno wako chini ya baraza linalojulikana kwa herufi KMPDC, lenye makao Nairobi. Wauguzi wana Baraza la Wauguzi, na maofisa wa kliniki wana lao. Kwa hiyo ulizeni jina na cheo cha aliyehudumu. Baraza linaweza kumwonya mhudumu, kumsimamisha, au kumfuta katika orodha.

Mlango wa tatu ni mahakama. Hapa ndipo fidia hutafutwa: gharama za matibabu, maumivu, na kazi ambayo mtu hawezi kufanya tena. Mama aliyekuwa akichuma majani chai na sasa hawezi kubeba kikapu, amepoteza riziki yake. Ni vizuri kuwa na wakili. Asiye na uwezo anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016. Msitie sahihi karatasi ambayo hamjasomewa, hata kama aliyeileta ni mtu wa nyumbani.

SAA INAENDA

Hapa ndipo wengi wetu hupotea. Kesi ya uzembe dhidi ya serikali inatakiwa kufunguliwa ndani ya miezi 12. Dhidi ya hospitali ya mtu binafsi au ya misheni, ni miaka 3. Kulalamika kwa baraza hakusimamishi saa hiyo. Familia ikisema "tungoje mavuno kwanza", halafu "tungoje watoto wafungue shule", mwaka unaisha na mlango unafungwa. Mwoneni wakili mapema, hata kama bado mnangoja jibu la hospitali.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

- Mchagueni mtu mmoja anayeandika vizuri. Akae na familia juma lile lile, aandike kila kitu wangali wanakumbuka: siku, saa, nani alisema nini.
- Wekeni pamoja kadi, risiti, picha za eksirei na hata makasha ya dawa. Msiziachie watoto wazichezee.
- Kama mtu amefariki na sababu haieleweki, ombeni uchunguzi wa maiti kabla ya mazishi. Baadaye ni vigumu sana.
- Changeni nauli, na mmoja wenu aandamane na mgonjwa. Mtu mwenye uchungu hasikii vizuri anapojibiwa.
- Tunzeni siri. Ugonjwa wa mwenzetu si habari ya sokoni Keroka.

Na tusiwasahau wahudumu wetu. Wengi hufanya kazi usiku kucha na vifaa haba. Kuuliza si kuwatukana. Tukiuliza kwa heshima na kwa maandishi, tunamsaidia pia mgonjwa atakayelala kwenye kitanda hicho kesho.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Je, kuna familia katika kikundi chetu ambayo bado ina swali ambalo hospitali haijajibu? Ni miezi mingapi imepita?
2. Karatasi zetu za hospitali ziko wapi sasa hivi?
3. Ni nani kati yetu tutamtuma kuandika barua?