Siti mpya, soko jipya: Ushonaji wa ndani ya magari unavyoweza kuvuka mipaka

Gari lililotumika likishuka bandarini Mombasa au Dar es Salaam kutoka Japani, injini yake huwa bado na nguvu, lakini siti zake aghalabu ni za kitambaa cha rangi ya kijivu au ya mchanga. Baada ya miezi michache ya vumbi la barabara zetu, mvua, jasho na watoto, kitambaa hicho hubadilika rangi. Mwenye gari hana njia nyingi. Atanunua kava za kuvalisha zinazodaiwa kutoshea kila gari, au atakwenda kwa fundi amshonee zinazolingana na siti zake.

Hapo ndipo biashara ilipo. Katika Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, Gerezani jijini Dar es Salaam, Ndeeba na Katwe jijini Kampala, na Gatsata jijini Kigali, magari ndiyo riziki ya watu wengi, kuanzia wauza vipuri hadi mafundi. Ushonaji wa siti, dari, paneli za milango na mazulia ni tawi la kazi hiyo linaloweza kuanza na cherehani moja na kibanda cha kuegesha gari moja.

Kwa mfanyabiashara wa mpakani, tawi hili lina jambo la ziada. Mzigo wake ni mwepesi, hauozi, na thamani yake kubwa hutokana na mikono ya fundi. Na forodhani, mikono hiyo ndiyo inayoweza kuleta unafuu ambao kitambaa chenyewe hakiupati.

Jora na kava ni mizigo miwili tofauti

Wafanyabiashara wengi huanza kwa kununua majora ya ngozi bandia Kariakoo au Nairobi na kuyapeleka upande wa pili wa mpaka. Hesabu huonekana nzuri mpaka wafike forodhani. Jora lililotengenezwa China haligeuki kuwa bidhaa ya Afrika Mashariki kwa sababu tu limenunuliwa katika duka la Afrika Mashariki. Hata kama lililipiwa ushuru bandarini, likivuka kwenda nchi nyingine mwanachama linaweza kudaiwa ushuru tena kwa viwango vya pamoja vya Jumuiya, ambavyo tangu Julai 2022 vina ngazi nne: asilimia 0, 10, 25 na 35.

Kava iliyoshonwa ni habari nyingine. Kanuni za Uasili wa Bidhaa za Jumuiya za mwaka 2015 hazisemi kwamba kila uzi lazima uwe wa hapa. Zinataka kazi ya kutosha iwe imefanyika ndani ya Jumuiya. Kwa bidhaa nyingi, kipimo ni kwamba mali ghafi za kutoka nje zisizidi asilimia 70 ya bei ya bidhaa inapotoka karakana, au kwamba bidhaa iwe imehama kutoka fungu moja la ushuru hadi jingine. Kila bidhaa ina kanuni yake, kwa hiyo ni lazima kumuuliza ofisa wa forodha kava zako zinaingia fungu gani kabla ya kupakia.

Mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 unaweza kupitia Utaratibu Rahisi wa Biashara. Mfanyabiashara hupewa hapo hapo mpakani cheti rahisi cha uasili, bila kulazimika kumlipa wakala wa forodha, mradi bidhaa yake imetengenezwa katika nchi mwanachama na imo katika orodha iliyokubaliwa. Cheti hicho huondoa ushuru wa forodha. Hakiondoi kodi za ndani, kama kodi ya ongezeko la thamani, pale zinapotozwa. Wengi hugombana na maofisa kwa kutojua tofauti hiyo.

Hesabu ya mfano

Tuseme jora la mita 30 limenunuliwa kwa dola 150, yaani dola 5 kwa mita. Tuseme tena siti za gari dogo la watu watano zinakula mita 7. Jora moja litatoa seti nne na kubakiza mita 2. Kitambaa cha seti moja ni dola 35. Sponji, uzi, gundi na zipu viwe dola 10, na ujira wa fundi na msaidizi wake dola 15. Seti imesimama kwa dola 60 kabla ya kodi ya kibanda, umeme na nauli.

Ikiuzwa kwa dola 90, mzigo wa seti 22 una thamani ya dola 1,980. Bado uko ndani ya kiwango cha utaratibu rahisi. Kitambaa cha kutoka nje ni chini ya asilimia 40 ya bei hiyo, hata kabla ya kuzingatia kwamba sponji hutengenezwa na viwanda vya magodoro vya hapa kwetu. Bei halisi hutofautiana kutoka mji hadi mji, lakini njia ya kukokotoa ni ile ile. Andika gharama ya kila kitu kwa seti moja, kisha angalia ni kiasi gani kimetoka nje ya Jumuiya. Hifadhi risiti zote, kwa maana ofisa akiuliza mzigo umetengenezwa wapi, risiti ya sponji na daftari la ujira wa mafundi vina nguvu kuliko maneno.

Zile mita 2 zilizobaki si taka. Ndizo hushonwa kava za usukani, za viegemeo vya kichwa na mifuko ya nyuma ya siti. Karakana inayotupa vipande inatupa faida yake.

Cherehani, uzi na mkono

Cherehani ya nyumbani haiwezi kazi hii. Ngozi bandia mikunjo mitatu pamoja na sponji huvunja sindano na kurusha mishono. Inahitajika cherehani ya viwandani ambayo mguu wake husogea pamoja na kitambaa, ili tabaka la juu na la chini vitembee sawa. Wengi huanza na iliyotumika. Kabla ya kulipa, ijaribiwe kwa mikunjo minne ya ngozi bandia, si kwa kipande cha kanga.

Uzi nao huchaguliwa kwa akili. Nailoni ni imara, lakini poliesta hustahimili jua vizuri zaidi, na gari la kwetu hushinda juani. Uzi wa kushonea nguo ukitumika, mshono wa siti ya dereva ndio hufunguka kwanza, na mteja hurudi na hasira.

Kitu chenye thamani kubwa katika karakana ni violezo. Fundi akishavua kava ya Probox, Noah au Premio na kuikata kwa mishono yake, huchora kila kipande kwenye karatasi ngumu na kuandika aina ya gari, mwaka na upande wa usukani. Mteja wa pili mwenye gari kama hilo anaweza kuagiza kwa simu akiwa mji mwingine, na mzigo ukamfikia kwa basi. Bila violezo, fundi anategemea magari yanayofika mlangoni kwake tu.

Usukani uko upande gani?

Hapa ndipo hasara ya kuvuka mpaka inapojificha. Kenya, Uganda na Tanzania huendesha magari upande wa kushoto wa barabara, na usukani uko kulia. Rwanda, Burundi na Kongo huendesha upande wa kulia. Siti ya dereva ina vishikio vya kurekebishia ambavyo siti ya abiria haina, na siti ya nyuma inayogawanyika huweza kuwa na pande zisizolingana. Kava iliyokatwa kwa gari la usukani wa kulia yaweza kukataa kabisa kwenye gari la usukani wa kushoto.

Hata hivyo, jina la nchi pekee halitoshi. Burundi na mashariki mwa Kongo yamo magari mengi ya usukani wa kulia yaliyotoka Japani. Swali la kumuuliza mteja wa Bujumbura au Goma si anakaa wapi, bali usukani wake uko upande gani, siti ni ngapi, na ya nyuma inagawanyika au la. Picha nne za simu, yaani siti ya dereva kwa ubavu, ya abiria, ya nyuma na lebo ya mwaka wa gari, huokoa seti nzima isirudi.

Maisha ya abiria yamo kwenye mshono

Siti za magari mengi ya kisasa zina mfuko wa hewa ubavuni, ambao hufumuka gari linapogongwa. Huonekana kwa lebo ndogo iliyoandikwa SRS AIRBAG. Kava ikiziba ubavu huo kwa mshono mzito, mfuko hautatoka kwa wakati. Fundi ambaye hajafunzwa mshono maalumu wa kupasuka auache upande huo wazi. Na kabla ya kung'oa siti yenye plagi za njano chini yake, betri ifunguliwe na kusubiri angalau sekunde 90, kama miongozo ya Toyota inavyotaka.

Kwa magari ya abiria, vifungo vya mikanda lazima vibaki juu ya siti. Nchini Kenya, kanuni zilizoanza kusimamiwa mwaka 2004 chini ya waziri John Michuki zililazimisha mikanda kwenye matatu. Kava inayozika mikanda inamweka mwenye gari matatani na polisi, na abiria katika hatari.

Moto nao usisahaulike. Kipimo cha Marekani cha vitambaa vya ndani ya gari, FMVSS 302, hakiruhusu moto kutambaa zaidi ya milimita 102 kwa dakika. Muuzaji wa jora aulizwe kama kitambaa chake kimepimwa. Asipokuwa na jibu, tafuta muuzaji mwingine.

Mlango halali

Wapo wanaoona foleni ya mpakani na kuamua kupitisha seti chache kwa njia za panya, wakidhani mzigo mdogo hauna kesi. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inaruhusu kutaifishwa kwa bidhaa za magendo pamoja na chombo kilichozibeba. Mwenye bodaboda anaweza kupoteza pikipiki yake kwa ajili ya kava za watu, na mshonaji akapoteza mtaji wa miezi kwa safari moja.

Vituo vya huduma za pamoja mpakani, vikiwamo Namanga, Busia, Mutukula na Rusumo, vimepunguza kusimama mara mbili. Anayeanza apitishe kwanza seti mbili au tatu, zikiwa na orodha ya bidhaa, risiti na picha za karakana. Safari hiyo itamwonyesha kodi gani inadaiwa, ofisa gani anashughulikia cheti na siku gani msongamano ni mdogo. Aandike yote kwenye daftari, ayaingize katika bei, kisha ndipo achukue oda ya seti ishirini na malipo ya awali yanayotosha kununua kitambaa. Anayeshona oda nzima kwa mtaji wake mwenyewe, kwa mteja aliyemjua kwa simu tu, amemkopesha mgeni bila dhamana.