Kila mtu ni kocha Eastlands, lakini nani atambeba chipukizi?

Mikwaju ya penalti ilipoisha Kasarani jioni ya Ijumaa, Agosti 22, 2025, Madagascar walikuwa wameshinda 4-3 baada ya sare ya 1-1, na Harambee Stars wakaaga CHAN katika robo fainali. Asubuhi yake ungeshika Jogoo Road kutoka City Stadium hadi Donholm na usisikie mtu akiitaja Madagascar. Jina lilikuwa moja tu: Benni. Kwa kinyozi ni Benni, kwa muuza smokie ni Benni, kwenye mathree ya Umoja konda anarudisha chenji huku akiuliza ni nani aliyepanga orodha ya wapigaji wa penalti.

Mtaani hesabu ni rahisi. Tukishinda, tumeshinda. Tukifungwa, amefungwa kocha.

Ukweli ni kwamba siku kumi na mbili kabla ya hapo huyo huyo Benni McCarthy alikuwa mfalme. Stars walikuwa wameipiga DR Congo 1-0 Agosti 3, wakatoka sare ya 1-1 na Angola Agosti 7 wakiwa wachezaji kumi, kisha Agosti 10 wakaiduwaza Morocco 1-0, tena wakiwa wachezaji kumi baada ya Chrispine Erambo kulishwa kadi nyekundu. Morocco hiyo ndiyo iliyokuja kubeba kombe hapo hapo Kasarani, na ni Kenya pekee iliyoifunga katika mashindano yote. Usiku ule Kayole hakukulalika. Jamaa waliokuwa wamesema mwezi Machi kwamba kumwajiri straika wa zamani wa Porto na kocha wa washambuliaji wa Manchester United ni mbwembwe tu, ndio waliokuwa wamekalia boneti za magari wakipuliza vuvuzela.

Aliyefunga bao lile dhidi ya Morocco ni kijana wa Tusker anayeitwa Ryan Ogam. Miaka 20. Wiki moja baadaye akafunga tena, 1-0 dhidi ya Zambia, na Kenya ikaongoza kundi ambalo wengi walikuwa wameshatuzika ndani yake. Hapo ndipo hadithi ya timu ikawa hadithi ya kijana mmoja. Ghafla kila dogo anayecheza namba tisa pale Camp Toyoyo alikuwa Ogam, na kila shabiki alikuwa na maoni kuhusu namna ya kumtumia. Aanze. Asianze. Achezeshwe pembeni. Apewe mwenzake mbele. Asitolewe hata akichechemea.

Wamarekani wana mchezo wao wa mpira wa mayai ambapo timu nzima huning'inia kwenye mkono wa mtu mmoja anayeurusha mpira, quarterback. Akiwa mgeni kwenye ligi, mashabiki humtaka aanze kesho, na akikosea wanataka kocha afutwe keshokutwa. Kwetu mzigo huo hubebwa na straika, wakati mwingine kipa. Beki wa kulia anaweza kuwa na siku mbaya na watu wasijue. Straika chipukizi akipiga nje akiwa amebaki na kipa, Dandora nzima inajua, na aliyempanga anajuta.

Sasa tuongee kuhusu hasira yenyewe, kwa sababu kuna watu wanaoidharau. Wanasema mashabiki wa Eastlands ni kelele tu. Mimi sikubaliani. Mtu aliyetoka Komarock saa sita mchana, akapanda magari mawili, akapanga laini chini ya jua nje ya Kasarani, akapiga kelele dakika tisini na nyongeza yake, halafu akarudi nyumbani usiku nauli ikiwa imepandishwa, ana haki ya kuuliza kwa nini mabadiliko yamefanywa zikiwa zimesalia dakika chache. Amelipia swali hilo kwa pesa zake na kwa sauti yake.

Na wakati mwingine swali lenyewe ni zuri. Septemba 5, wiki mbili tu baada ya machozi ya Madagascar, Gambia walikuja Kasarani katika mechi ya kufuzu Kombe la Dunia wakatuchapa 3-1. Bao letu la pekee? Ogam, wakati mechi ilikuwa imeshakwenda. Malalamiko ya mtaa siku hiyo hayakuwa ya kipuuzi: mechi za wachezaji wa ligi za nyumbani ni kitu kimoja, mechi ya kukabiliana na watu wanaocheza Ulaya kila wiki ni kitu kingine, na ule mshikamano wa Agosti haukuonekana kabisa. Siku nne baadaye Seychelles wakala tano bila jibu na watu wakanyamaza kidogo. Oktoba tukaifunga Burundi 1-0 kwao, mfungaji ni yule yule Ogam, kisha Ivory Coast wakatunyoosha 3-0. Novemba 18 kule Antalya, Uturuki, Senegal wakatuandikia 8-0. Nane! Kuna mabaa Buruburu ambayo hadi leo ukitaja nambari hiyo unaombwa uondoke.

Lakini kuna sehemu ya hasira ambayo haina haki, na hapa nitaongea waziwazi kwa sababu tunajuana. Ni mkeka. Vijana wengi mtaani hawatazami mechi, wanatazama tiketi yao ya kamari. Ameunganisha mechi saba, sita zimeingia, ya saba inamngoja straika wa miaka ishirini apate bao moja. Bao lisipokuja, matusi yanayomwendea yule kijana kwenye simu yake si ya mpira tena, ni ya deni la kodi. Anatukanwa mama yake na mtu ambaye wiki iliyopita alikuwa amemweka kwenye picha ya wasifu. Kocha ana ngozi ngumu na mshahara wa kumliwaza. Dogo aliyesajiliwa juzi hana.

Na usisahau kilichokuwa mezani siku ya Madagascar. Rais William Ruto alikuwa ameahidi kila mchezaji Sh1 milioni kwa ushindi na Sh500,000 kwa sare tangu mwanzo wa mashindano. Kabla ya mechi ya Zambia dau likapanda hadi Sh2.5 milioni. Kabla ya robo fainali kukaongezwa nyumba ya vyumba viwili kwa kila mchezaji wakipita. Hebu fikiria hilo ukiwa Eastlands, ambako wengi wetu tumezaliwa, tumekua na tutaoa kwenye nyumba za kupanga. Kijana anatoka katikati ya uwanja kwenda kupiga penalti. Begani kuna bendera, na pia kuna nyumba ya mamake. Halafu mtu aliyekaa kibandani na kikombe cha chai anasema eti angepiga kona ya juu.

Nilitaka pia kugusia kitu ambacho mabishano ya mtaa huruka kila mara: kocha ana nafasi tano za kubadilisha wachezaji, lakini mechi ikiendelea anaruhusiwa kuisimamisha mara tatu tu kufanya hivyo, ukiacha wakati wa mapumziko. Kwa hiyo ukimtoa beki aliyeumia dakika ya 30, umetumia mlango mmoja. Ukibadilisha kiungo mmoja dakika ya 55, wa pili umekwenda. Sasa umebaki na mlango mmoja na wachezaji watatu benchini wanaorukaruka, na uwanja mzima unaimba jina la dogo mmoja. Ukimwingiza dakika ya 65 halafu kipa aumie dakika ya 80, umekwisha. Ndiyo maana makocha hukaa na ile nafasi ya mwisho kama mtu anayehifadhi nauli ya kurudi nyumbani. Hilo halimaanishi kwamba Benni hakukosea. Linamaanisha kwamba ‘angemwingiza mapema’ ni sentensi fupi kuliko hesabu iliyo nyuma yake.

Kuna pia kazi ambayo straika hufanya bila mpira. Chipukizi wengi wa mitaani wamelelewa kwenye viwanja vya vumbi ambako anayekokota vizuri ndiye bingwa. Akifika juu anaambiwa kazi yake ya kwanza ni kumfunga beki njia ili asitoe pasi kwa kiungo, ya pili ni kukimbia mbio ambazo hatapewa mpira, na kufunga ni ya tatu. Shabiki anaona ya tatu pekee. Kocha anahesabu zote, na hapo ndipo dogo anayeimbwa na jukwaa zima anapobaki benchini na hakuna anayeelewa.

Lakini makocha nao wasijifiche nyuma ya ‘bado ni mdogo’. Novemba 7, 2012, Celtic walikuwa wakiongoza Barcelona 1-0 jijini Glasgow katika Ligi ya Mabingwa. Bao hilo alikuwa amelipiga kwa kichwa Victor Wanyama, kijana wetu wa Muthurwa, miaka 21. Kipindi cha pili kocha Neil Lennon akamwingiza Tony Watt, miaka 18, dhidi ya timu ya Messi. Watt akafunga la pili, na bao la Messi mwishoni likabaki la kufutia machozi tu. Hakuna aliyemuuliza Lennon kwa nini amempa mtoto mechi kubwa vile. Watt angepoteza mpira na Barca wakasawazisha, tungekuwa tunalizungumzia kama kosa la karne. Uamuzi ungekuwa ule ule, dakika ile ile, mtoto yule yule.

Wanyama na kakake McDonald Mariga ni mfano unaotajwa kila mara tunapotaka kuonyesha kwamba Eastlands inatoa watu. Kinachosahauliwa ni kwamba kabla ya Ulaya kulikuwa na mtu aliyewapanga kwenye kikosi wakiwa bado wadogo, akawaacha wakosee, akawapanga tena Jumamosi iliyofuata. Mathare United ilijengwa hivyo. Ilizaliwa mwaka 1994 kutoka MYSA, mradi wa vijana wa Mathare uliokuwepo tangu 1987, na mwaka 2008 ikatwaa ligi chini ya Francis Kimanzi. Haikununua majina. Ilisubiri vijana wake.

Kusubiri ndiko kumetushinda. Angalia Gor Mahia, timu ambayo mashabiki wake hulijaza jukwaa popote inapokwenda. Jonathan McKinstry aliondoka 2024. Akaja Mbrazili Leonardo Neiva, hakumaliza msimu. Akaja Sinisa Mihic wa Croatia. Baadaye mwaka 2025 akaja Charles Akonnor kutoka Ghana. Na ubingwa wa msimu wa 2024/25 ulikwenda kwa Kenya Police, mara yao ya kwanza. Shabiki wa K'Ogalo atakwambia kila aliyefukuzwa alistahili, na huenda ni kweli. Lakini mtazame mchezaji wa miaka 19 aliyepandishwa kutoka timu ya vijana. Kocha wa kwanza anamtaka winga. Wa pili hamjui jina. Wa tatu anataka watu warefu. Kila miezi michache anacheza mechi yake ya kwanza upya, mbele ya mtu mpya, huku jukwaa likiwa limeshachoka naye kabla hajaanza. Tunapoimba kocha aende, kuna madogo watatu wanne tunaowafungisha virago pamoja naye bila kujua.

Ukitaka kuona haya yote kwa ukubwa mdogo, nenda Koth Biro. Michuano hiyo ya Ziwani imekuwa ikikusanya Eastlands tangu miaka ya sabini, hadi wachezaji wa ligi kuu hushuka kuvaa jezi za mitaa yao. Hakuna VAR, na mstari wa kocha ni pale umati unapoishia. Ukimwingiza dogo wa kidato cha tatu akapoteza mpira, anayekutukana amesimama mita moja nyuma yako na mnapanga ploti moja. Kesho mtakutana kwenye bomba la maji. Lakini mara nyingi mtu huyo huyo ndiye atakayemnunulia yule dogo viatu mechi ikiisha, kwa sababu anamjua mamake. Ukali wa Ziwani una jina na uso. Wa kwenye simu hauna, na sidhani tumeelewa bado tofauti hiyo inawafanyia nini vijana wanaopanda juu.

Ogam mwenyewe hakungoja tumalize kubishana. Mwezi ule ule wa CHAN alisajiliwa na Wolfsberger ya Austria. Kule hakuna anayemwimbia, na akikaa benchi hakuna konda wa Umoja wa kumtetea. Mwaka 2027 Kombe la Afrika linakuja Kenya, Uganda na Tanzania, na Kenya ikiwa mwenyeji itacheza kwao ipende isipende. Kuna namba tisa mwingine sasa hivi anayecheza Camp Toyoyo au kwenye vumbi la Dandora ambaye atakuwa na miaka kumi na tisa siku hiyo. Jina lake halijaimbwa wala kutukanwa bado. Wikendi hii ana mechi, na kocha wake hajaamua kama ataanza.