Kombe Ilipofika Kejani

Mtoi mwenye alizaliwa 1995, mwaka Gor Mahia walibeba ligi ya boli ya Kenya, alifikisha umri wa kuchukua kipande ndio hiyo ligi ikarudi. Ameenda nasari, amefanya KCPE, ametoa ndevu za kwanza, na kila msimu ukiisha buda yake anamshow tu, "Mwakani." Ligi ilirudi 2013. Hiyo ni miaka 18. Kwa msee hana timu, hiyo ni hesabu ya darasani. Kwa msee wa K'Ogalo, venye Gor huitwa, hiyo ni utoto mzima umeisha ukingoja.

Leo nabonga na nyinyi kuhusu wenye waliingoja. Magazeti hupiga wachezaji picha na kombe, na ni haki yao, wametoa jasho. Kombe yenyewe ikitoka hapo inaenda kulala kwa kabati. Furaha yake nayo hupanda mat, inashuka Jericho, Kaloleni, Kibera, Kariobangi, ingine inachukua basi ya usiku mpaka Kondele, na inaingia kwa makeja za watu wenye hakuna mwandishi amewahi kuwahoji. Hapo kejani ndio uzito wa ushindi hujulikana.

Walianguka kutoka juu

Ndio uelewe maumivu, cheki kwanza hii timu ilikuwa wapi. Gor ilianza Februari 1968, Luo Union na Luo Stars wakishikana, na mwaka huo huo wakachukua ligi. 1976 wakamaliza ligi nzima bila kuchapwa. Alafu 1987 wakafanya kenye hakuna klabu ingine ya Kenya imewahi kufanya: wakabeba Kombe la Washindi la Afrika. Fainali ilikuwa na Espérance ya Tunisia. Kule Tunis wakatoka 2-2, wakarudi Kasarani wakatoka 1-1, goli za ugenini zikaamua. Kepten alikuwa Austin Oduor, wasee walimwita Makamu, na Peter Dawo alikuwa amefunga mpaka mabeki wa Afrika nzima wakamjua jina.

Sisi wa rika yangu tulilelewa na hiyo 1987 venye watoi wengine hulelewa na hadithi za sungura na fisi. Unakula ugali, unaskia Dawo. Unaoga, unaskia Makamu. Unajua goli zenye zilifungwa kabla uzaliwe, unajua nani alipiga pasi, lakini macho yako haijawahi ona timu yako ikimaliza ligi ikiwa juu ya wengine.

Ukame

Baada ya 1995 mambo ilienda mrama. Viongozi wa klabu wanapigana, ganji ya wachezaji inachelewa, na wakubwa wa boli ya Kenya wanavutana mpaka FIFA ikafungia nchi 2004, ikarudia tena 2006. Kombe ikawa inazunguka kwa wengine: Oserian, Ulinzi Stars, SoNy Sugar, Tusker, Mathare United. 2009 Sofapaka wakaingia ligi kuu, na msimu wao wa kwanza tu wakaibeba. Hiyo iliuma vibaya. Umengoja tangu shule ya msingi, alafu timu imefika jana inapita na mzigo.

Hapo ndio wengi walitoka, na siwalaumu. Kila mtaa ulikuwa na kibanda ya kucheki boli ya Uingereza. Unalipa mbao, unakuwa msee wa Arsenal ama Man U, na Jumatatu uko na kitu ya kuringia shuleni. Kubaki na Gor ilikuwa kuchagua kuchekwa. Wenye walibaki walikuwa wanachapa mguu kutoka Makongeni mpaka City Stadium, na Jogoo Road, juu ganji ilikuwa inatosha tiketi ama nauli, haitoshi zote. Timu ikichapwa wanarudi na hiyo barabara, kwa miguu, na kesho wanaingia mjengo saa moja.

Keja moja, timu mbili

Kwetu buda ni K'Ogalo, mathee ni Ingwe, yaani AFC Leopards. Eastlands hiyo ni kawaida sana. Mechi ya Gor na AFC Leopards inaitwa derby ya mashemeji juu Wajaluo wa Gor na Waluhya wa Ingwe wameoana mpaka huwezi tena kuwagawa bila kukata nyumba katikati.

Buda alikuwa na jezi moja ya kijani. Mathee ndiye aliifua miaka yote. Aliifua kwa beseni, na sabuni ya mche, anasugua kola mpaka maji inabadilika rangi, alafu anaianika kwa kamba ya ploti ikiwa imegeuzwa, ndani iwe nje, ndio jua isiipaushe. Kwapa ya kushoto iliraruka akaishona na uzi mweupe, juu kwa duka uzi wa kijani ulikuwa umeisha. Huyo ni mtu wa Ingwe, anatunza jezi ya mahasimu wake kushinda mwenyewe anavyoitunza.

Uwanjani huenda mmoja, lakini kungoja kunangojwa na keja nzima. Mlango ukifunguliwa polepole jioni, mathee ashajua wamechapwa. Anaweka chai mezani, haulizi. Watoi wanajua leo si siku ya kuomba ganji ya trip ya shule. Na ile soo mbili ya tiketi imetoka kwa mfuko ule ule wa unga na mafuta taa. Hizo gharama hakuna mahali ziliandikwa. Kwa hivyo ukiniuliza nani walikuwa mashabiki wa Gor hiyo miaka 18, nitakuhesabia mpaka wenye hawakuwahi kukanyaga uwanja, juu bila wao buda asingeweza kuendelea kwenda.

Wenye hawakurudi

Tarehe 23 Oktoba 2010, uwanja wa Nyayo, mashemeji wanakutana. Umati ulisongamana getini, watu wakakanyagana, na watu 7 wakafa. Soma tena: watu 7. Walikuwa wametoka kucheki boli. Kuna makeja jioni hiyo chakula ilifunikwa, ikapoa, na simu haikushikwa.

Naandika hii nikiwa na uchungu, juu hadithi ya mashabiki waaminifu ikibongwa hao husahaulika. Watu wanaimba kuhusu kombe ya 2013 na hawataji kwamba kuna wenye waliingoja miaka 15 wakafia mlangoni. Hakuna ligi inaweza kulipa hiyo deni. Kenye tunaweza ni kuwakumbuka kila derby, na kuhakikisha geti haitawahi kuua tena.

2012 nayo ikaleta jeraha ingine. Siku ya mwisho ya ligi kombe ilikuwa karibu kushikwa. Gor wakatoka droo na Thika United, Tusker wakapita nayo. Niliona wazee wa miaka 60 wamekaa chini kwa simiti, kofia kwa magoti, watoi wao wanawashika mkono kuwainua. Hiyo siku ndio nilijua watoi wa mashabiki hukua haraka.

2013

Msimu uliofuata kochi Zdravko Logarušić akaondoka katikati, akaingia Mskoti Bobby Williamson. Jerim Onyango golini, Musa Mohammed na David "Calabar" Owino nyuma, Teddy Akumu anashika kati, Danny Sserunkuma wa Uganda anafunga. Na ikawa. Ligi ya 13 ya Gor Mahia, ya kwanza tangu 1995.

Mtaani ilikuwa moto. Wamama wa mboga wamefunga leso za kijani, nganya zinapiga honi bila kupumzika, wasee wenye hawajawahi kuongea wanakumbatiana kwa steji. Lakini kenye kilinigusa kilikuwa ndani. Buda aliingia keja amechelewa, sauti imeisha, jezi imelowa. Mathee akasimama, akamshika mkono na mikono yake miwili venye unasalimia mtu amepata mtoto, akamwambia, "Shemeji, hongereni." Alafu akaenda kukata nyama yenye alikuwa ameificha tangu asubuhi. Alikuwa ameinunua kabla mechi ianze. Mtu wa Ingwe aliamini hiyo siku kuliko sisi wote.

Kuna jamaa wa ploti yetu, buda yake alikufa kabla ligi irudi. Huyo jamaa hakungoja sherehe. Alipanda basi usiku huo huo mpaka Siaya, akaenda kwa kaburi asubuhi, akamsomea mzee msimamo wa ligi, timu ya kwanza mpaka ya mwisho, na pointi zake. Aliniambia hakulia akiwa huko. Alilia kwa basi akirudi, juu ndio alielewa kwamba hiyo ngeus hakuna mtu mwingine angeiskia venye buda yake angeiskia.

Kenye kombe ilibadilisha

Wasee wengine watakwambia boli haileti unga mezani. Ni ukweli, na bei ya unga haikushuka 2013. Lakini nimeona kazi tatu zenye hiyo kombe ilifanya.

Ya kwanza, neno la mzazi liliaminika. Buda anayesema "mwakani" miaka 18 huanza kuonekana mtu wa maneno matupu mbele ya watoi wake. Siku moja mwakani ikafika kweli. Watoi wakaona kwamba kushikilia kitu si ujinga, hata kama jirani amehamia timu inayoshinda.

Ya pili, watu wasio na kitu walipata kitu chao. Msee wa mjengo hajui kuwa na shamba, hajui kuwa na gari, lakini ligi ya 2013 ni yake, na hakuna auctioneer anaweza kuja kuichukua. Aliilipia kwa miguu na kwa soo mbili mbili.

Ya tatu, wazee na watoi walipata stori ya pamoja. Kabla hapo 1987 ilikuwa ya mabuda peke yao. Sisi tulikuwa wa kuskiza. 2013 tulikuwa ndani, tukaanza kubonga na wao kama wenzao.

Baada ya hapo milango ilifunguka. Ligi ya 2014 yao. Ya 2015 yao tena, na hiyo walimaliza bila kuchapwa hata mara moja, kama 1976. Julai 2017 Everton wakakuja Dar es Salaam kucheza nao; Wayne Rooney akafunga kutoka mbali, Jacques Tuyisenge akasawazisha, na ingawa Everton walishinda 2-1, mtoi wa Kaloleni aliona jezi ya kijani ikisimama na watu wa televisheni. Kufikia 2024 Gor walikuwa wamebeba ligi mara 21. Kuna watoi saa hii wanadhani Gor hushinda tu. Wacha wadhani. Hiyo raha walinunuliwa na wazee wao.

Upande wa mashemeji

Siwezi maliza bila Ingwe. AFC Leopards walibeba ligi 1998, na baada ya hapo ikawa zamu yao ya kungoja. Wengi mnamkumbuka Isaac Juma, yule shabiki wa Mumias mwenye alikuwa anajipaka rangi mwili na kuchezea boli mbele ya majukwaa, Ingwe ikicheza ama Harambee Stars. Januari 2022 aliuawa kwake nyumbani. Alikuwa hajaona Ingwe ikirudisha ligi tangu ile ya 1998, na hakuwahi kuvua rangi. Wasee wa Gor walimlilia pia, juu mtu akikaa na timu yake hivyo, heshima yake inavuka upande wa pili wa uwanja.

Ukimcheka shabiki wa Ingwe leo na wewe ni K'Ogalo, umesahau haraka ulikotoka. Mathee hakumcheka buda. Alimfulia jezi.

Sasa wewe

Kama buda ama mathee yako bado yuko, na alikupa timu, mnunulie tiketi ya mechi inayokuja. Usingoje fainali, usingoje kombe. Mpeleke mapema kabla geti ijae, mtafutie mahali pa kukaa, mbebee maji. Lipa kuingia, usiruke ukuta, juu hiyo ganji ndio mshahara wa wale unawashangilia. Ukiona msee ameokota jiwe, mshike mkono alitupe chini, juu kila jiwe linafukuza uwanjani mathee mmoja na mtoi mmoja. Na mkirudi home, muulize yule mwenye hufua jezi kama angependa kuja wiki ijayo. Amengoja kama wewe, na kiti yake ni haki yake.