Shahada ya Uzamili katika Sayansi ya Mazoezi: Anza na Swali

Mike Boit wa Kenya alipata medali ya shaba ya mita 800 katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972, na wengi humkumbuka kwa hilo. Wanaojua kwamba alisoma hadi uzamili Stanford na uzamivu katika Chuo Kikuu cha Oregon, kisha akarudi kufundisha sayansi ya mazoezi na michezo katika Chuo Kikuu cha Kenyatta, ni wachache. Namtaja kwa sababu vijana wanaoniuliza kuhusu masomo haya hudhani ni ya wanariadha wanaokaribia kustaafu, au ya makocha wanaotafuta cheti kikubwa zaidi. Ukweli ni kwamba si lazima uwe umewahi kushinda hata mbio za shule. Kinachotakiwa ni hamu ya kujua mwili unafanyaje kazi unapotembea, unapobeba, unapokimbia na unapochoka.

Mfano bora ninaoujua ulifanyika Kenya. Akina mama wa Kiluo hubeba mizigo kichwani. Wa Kikuyu huibeba mgongoni kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso. Hakuna asiyewaona. Profesa Geoffrey Maloiy, mtaalamu wa fiziolojia wa Kenya, pamoja na wenzake wa ng'ambo, waliuliza jambo ambalo sisi wengine hatukuliuliza: mzigo huo unawagharimu nguvu kiasi gani? Wakawapima wakitembea na mizigo ya uzani tofauti, wakihesabu oksijeni waliyotumia, kwa kuwa oksijeni ndiyo inayoonyesha mwili unaunguza nishati kiasi gani. Matokeo yalitoka mwaka 1986 katika jarida la Nature. Mzigo usiozidi kama asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuongeza matumizi ya oksijeni. Mwaka 1995 baadhi ya watafiti hao walieleza sababu: mwendo wa akina mama wale ukiwa na mzigo hufanana na pembea, nguvu ya kushuka ikitumika kupandia, na kidogo sana ikipotea bure.

Swali lile lilikuwa barabarani, watu wakipishana nalo asubuhi na jioni. Kazi ya shahada ya uzamili ni kukufundisha kuliona swali kama hilo, kisha kulipima kwa njia ambayo mwingine akiirudia atapata jibu lile lile.

Kuingia si kugumu. Vyuo vyetu hupokea wenye shahada ya kwanza ya elimu ya viungo, fiziotherapia, baiolojia na fani za jirani. Masomo hupangwa kwa miaka miwili hivi. Kwanza ni darasani: fiziolojia ya mazoezi, biomekanika, lishe na takwimu. Takwimu ndiyo hutisha wengi, nami nawasihi wasiikwepe. Ukiwafanyisha watu kumi na wawili mazoezi na shinikizo lao la damu likashuka, lazima uweze kusema kama ni mazoezi yaliyolishusha au ni bahati ya siku hiyo. Asiyeweza kusema hivyo hajawa mtafiti bado, hata akiwa na maabara nzuri namna gani.

Kisha huja utafiti, na hapa ndipo miaka miwili hugeuka mitatu au minne. Kuna idhini ya kamati ya maadili, kuna kibali cha utafiti kutoka taasisi ya serikali (NACOSTI kwa Kenya, COSTECH kwa Tanzania), kuna washiriki wanaoacha njiani, kuna mashine ya kuchambua hewa inayoharibika ikangojea vipuri kutoka nje. Kwa hiyo kabla ya kulipa karo, uliza nani atakusimamia, amechapisha nini karibuni, na ni vifaa gani vinavyofanya kazi leo. Jina kubwa la chuo halitakufaa ikiwa msimamizi hana muda nawe. Wala usidharau vifaa rahisi. Kipimo cha kutembea kwa dakika sita, kinachohitaji saa na ujia ulionyooka tu, hutumiwa na hospitali kupimia wagonjwa wa moyo na mapafu.

Ukihitimu, ajira katika timu za taifa ni chache, na sioni sababu ya kumficha mtu jambo hilo. Uhitaji mkubwa uko kwa wagonjwa. Msuli unapofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata pale insulini inapolemewa, ndiyo maana mazoezi ni sehemu ya tiba ya kisukari. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watu wazima wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Lakini mama wa miaka 60 mwenye kisukari na magoti yanayouma afanye nini hasa, kwa dakika ngapi, na aanzie wapi? Daktari mwenye foleni nje ya mlango hawezi kumjibu vizuri. Wewe unaweza, ukisomea.

Na maswali ya utafiti bado ni mengi. Wakimbiaji wa Bonde la Ufa nchini Kenya wamepimwa na wageni kwa miongo mingi. Mtafiti Bengt Saltin na wenzake walionyesha katika miaka ya 1990 kwamba uwezo wao wa juu wa kutumia oksijeni haukuuzidi ule wa wakimbiaji wa Skandinavia; tofauti ilikuwa kwamba walihitaji oksijeni kidogo zaidi kwa kasi ile ile. Kazi hiyo ni ya thamani. Ila mchuma chai, mwendesha bodaboda na mjamzito anayelima wanasubiri mtu wa kuuliza kuhusu miili yao, na anayefaa zaidi ni yule anayeishi nao. Kama una swali kuhusu mmoja wao, liandike kwenye ukurasa mmoja, umpelekee msimamizi kabla hujajaza fomu ya chuo.